Moshi wa Jikoni, Majani ya Bustanini: Antioksidanti za Mimea Zinaweza Nini, na Haziwezi Nini

Mama mmoja mpika chapati na maharage, mwenye umri wa miaka hamsini na kitu, alifika kliniki yetu ya magonjwa ya kifua akiwa na kikapu kidogo mkononi. Baada ya shikamoo na marahaba aliketi, akapumzika kwanza ili apate pumzi ya kusemea, kisha akatoa vitu vitatu na kuvipanga mezani: chupa ya vidonge iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwamba ina antioksidanti za "kusafisha mapafu", pakiti ya unga wa mlonge, na chupa ya maji iliyojaa juisi ya rangi ya kijani. "Daktari," alisema, "navitumia hivi kila siku. Mbona kifua hakifunguki?"

Ambacho hakikuwamo kikapuni ni pampu yake ya kuvuta dawa. Alikuwa ameiacha miezi minne nyuma, kwa kuwa fedha haikutosha kununua pampu na vidonge kwa pamoja, na aliyemuuzia vidonge alimhakikishia kwamba vinatibu chanzo cha ugonjwa ilhali pampu inatuliza dalili tu.

Wahudumu wa afya wanaosoma makala hii watamtambua mama huyu, maana kila mmoja wetu ana wake. Wagonjwa nao wataitambua hoja ya muuzaji, ambayo ina nusu ya ukweli ndani yake, na ndiyo sababu ina nguvu. Ni kweli kwamba moshi huharibu seli kwa njia ya oksidishaji. Ni kweli pia kwamba mimea ina kemikali zinazopambana na uharibifu huo. Lakini hatua ya kutoka kwenye kweli hizi mbili hadi kwenye kidonge cha chupa ni ndefu kuliko inavyoonekana, na wapo watu waliopata saratani njiani.

Kinachotokea moshi unapofika kwenye seli

Kuni na mkaa haviungui kikamilifu ndani ya jiko la kawaida. Hubaki mchanganyiko wa gesi na punje: monoksidi ya kaboni, dioksidi ya nitrojeni, benzini, akroleini, fomaldehaidi, na kundi la hidrokaboni ambazo baadhi yake husababisha saratani. Mkaa hutoa moshi mchache unaoonekana kuliko kuni, na kwa sababu hiyo wengi huuona kuwa safi; ukweli ni kwamba hutoa monoksidi ya kaboni kwa wingi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Punje zinazotutia wasiwasi zaidi ni zile zenye kipenyo kisichozidi maikromita 2.5, yaani takriban sehemu moja ya thelathini ya unene wa unywele. Hizi hazizuiwi na vinyweleo vya pua wala makohozi ya koo. Huteremka hadi kwenye vifuko vya hewa, na zilizo ndogo zaidi huweza kupenya na kuingia kwenye damu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataka wastani wa mwaka wa punje hizi usizidi mikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Katika jiko la ndani lenye mafiga na dirisha dogo, vipimo wakati wa kupika hufikia mamia. Shirika hilohilo linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulihusika na vifo vipatavyo milioni 3.2 duniani mwaka 2020.

Ndani ya pafu, punje hizo huja na mzigo juu yake. Zimebeba chembechembe za chuma, shaba na kemikali ziitwazo kwinoni, ambazo huchukua elektroni kutoka kitu kimoja na kuikabidhi oksijeni, kisha hurudi na kuchukua nyingine, bila zenyewe kuisha. Oksijeni iliyopokea elektroni moja ya ziada hugeuka kuwa radikali huru. Ili kuelewa ubaya wake, tukumbuke kwamba elektroni katika molekuli hupenda kukaa mbilimbili. Molekuli yenye elektroni iliyobaki peke yake hainyamazi. Huinyang'anya molekuli ya jirani, na jirani naye akishapungukiwa humnyang'anya wa pili yake. Katika mafuta yanayounda ukuta wa seli, unyang'anyi huu huenda kwa mnyororo, kama moto unaoshika paa la makuti na kuruka kwenda nyumba ya pili. Ukuta hutoboka, protini hupoteza umbo lake, na vinasaba hupata mikwaruzo ambayo isiporekebishwa vizuri yaweza kuwa mwanzo wa saratani.

Mwili haukuumbwa bila kinga dhidi ya haya. Mwaka 1969 Joe McCord na Irwin Fridovich wa Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani walionyesha kwamba seli zetu zina kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuzipoza radikali za oksijeni. Ugunduzi huo ulionyesha kwamba hatari hii ni ya kila siku, kiasi cha mwili kuitengea mtumishi wake maalumu. Nyuma ya kimeng'enya hicho wapo wengine, na katikati yao yupo glutathioni, molekuli ndogo ambayo seli hujitengenezea yenyewe. Maji membamba yanayolowesha uso wa mapafu yana glutathioni nyingi kuliko plazma ya damu, pamoja na vitamini C, vitamini E na asidi ya yuriki. Hizo ndizo hutangulia kukutana na moshi. Mashambulizi yakizidi uwezo wa walinzi, tunapata hali ambayo Mjerumani Helmut Sies aliipa jina mwaka 1985: mkazo wa oksidishaji.

Jambo moja zaidi ni muhimu kulielewa kabla hatujafika kwenye mimea, nalo husahaulika katika matangazo. Radikali huru si maadui wakati wote. Chembe nyeupe za damu huzitengeneza makusudi ili kuua bakteria waliomezwa, na watoto wanaozaliwa bila uwezo huo huugua maambukizi makali yasiyokoma. Seli pia huzitumia kama ishara: kiasi kidogo huijulisha seli kwamba kuna hatari, ijitayarishe, au, ikiwa vinasaba vyake vimeharibika mno, ijiue kabla haijageuka saratani. Kwa hiyo lengo la tiba haliwezi kuwa kuzifuta zote.

Mmea hujilinda kwanza wenyewe

Mmea umesimama juani mchana kutwa, na hauwezi kuhamia kivulini. Mwanga mkali huzalisha radikali ndani ya jani, na wadudu hulitafuna. Karotenoidi za rangi ya manjano na chungwa, vitamini C, polifenoli zenye ukakasi, na kemikali kali za haradali na kabichi vyote ni mavazi na silaha za mmea. Sisi tunafaidika kwa bahati.

Tunafaidika kwa njia mbili, na tofauti kati yake ndiyo kiini cha makala hii.

Njia ya kwanza ndiyo inayotangazwa. Vitamini C au E huitolea radikali elektroni inayoitafuta, na mnyororo unakatika. Vitamini E hukaa ndani ya mafuta ya ukuta wa seli. Ikishatumika, vitamini C huirudishia nguvu. Kazi hii ni ya kweli, na kwa mtu mwenye upungufu inaweza kuonekana hata kwenye vipimo. Jijini Mexico, ambako hewa ya ozoni ilikuwa juu, watafiti waliwagawa kwa bahati nasibu watoto 158 wenye pumu: baadhi wakapewa miligramu 250 za vitamini C na 50 za vitamini E kila siku, wengine vidonge visivyo na dawa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionyesha kwamba ozoni ilipopanda, watoto waliopata vitamini hawakupoteza nguvu ya pumzi kama wenzao, hasa wale ambao pumu yao ilikuwa ya kati au kali. Tuzingatie kipimo: miligramu 250 za vitamini C mtoto anaweza kuzipata kwenye mapera mawili ya wastani au zaidi kidogo, kwa kuwa gramu 100 za pera zina zaidi ya miligramu 200, ilhali chungwa lina takriban 50 kwa uzito huohuo.

Lakini njia hii ina mipaka. Molekuli moja ya antioksidanti huzima radikali moja au mbili, kisha imekwisha. Polifenoli nyingi hazifyonzwi vizuri tumboni, na zinazofyonzwa hubadilishwa na ini ndani ya muda mfupi. Manjano ni mfano mzuri: kemikali yake ya kurkumini ni hodari ndani ya chupa ya maabara, lakini ikimezwa, sehemu ndogo sana hufika kwenye damu. Watengenezaji wa vidonge walipoiongezea kemikali ya pilipili manga ili ifyonzwe zaidi, madaktari nchini Marekani na kwingineko wakaanza kuripoti wagonjwa waliodhurika ini. Manjano ya kwenye mchuzi hayana shida hiyo.

Hapo ndipo zinapoanguka namba zinazoandikwa kwenye lebo za chupa, kwamba bidhaa fulani ina "nguvu ya antioksidanti" mara kadhaa kuliko tunda. Namba hizo hutokana na vipimo vya maabara. Wizara ya Kilimo ya Marekani iliwahi kuwa na jedwali kubwa la vipimo vya namna hiyo kwa vyakula mbalimbali. Mwaka 2012 ililiondoa, ikieleza kwamba namba hizo hazionyeshi matokeo ndani ya mwili wa binadamu na zilikuwa zikitumiwa vibaya kuuzia bidhaa. Karafuu ilikuwa miongoni mwa zilizoshika nafasi za juu kabisa katika vipimo hivyo, jambo ambalo lingewafurahisha ndugu zetu wa Pemba, ila hakuna mtu anayekula gramu 100 za karafuu kwa mlo mmoja.

Njia ya pili haisemwi sana na wauzaji, nami naiona yenye matumaini makubwa zaidi. Ndani ya seli mna protini iitwayo Nrf2, ambayo kazi yake ni kuamsha jeni za ulinzi. Wakati wa utulivu imeshikwa na protini nyingine, Keap1, ambayo huipeleka kuvunjwavunjwa kila inapotengenezwa. Keap1 ni kama mlinzi wa zamu mwenye usingizi mwepesi: ikiguswa na kemikali yenye ukali kidogo hulegeza mkono, Nrf2 huponyoka, huingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni nyingi kwa pamoja. Seli huanza kutengeneza glutathioni zaidi, pamoja na vimeng'enya vinavyoibandika glutathioni kwenye sumu kama benzini na akroleini ili zitoke kwa mkojo. Ulinzi huu huendelea kwa saa nyingi au hata siku kadhaa baada ya kemikali iliyouamsha kutoweka.

Kemikali iliyochunguzwa zaidi katika njia hii ni salforafeni, iliyotenganishwa kutoka kwenye brokoli mwaka 1992 na kundi la Paul Talalay katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Ajabu yake ni kwamba salforafeni si antioksidanti hodari kwa maana ya kawaida. Ni sumu nyepesi ambayo mmea huielekezea wadudu. Seli ya binadamu huihisi kama kitisho kidogo, nayo hujiandaa kwa kitisho kikubwa. Inafanana zaidi na mazoezi ya askari kuliko na ngao.

Jaribio la binadamu ninalolipenda katika eneo hili lilifanyika Qidong, katika jimbo la Jiangsu nchini China, mahali penye hewa chafu. Watu 291 walipewa kila siku kwa wiki 12 ama kinywaji kilichotengenezwa kwa machipukizi ya brokoli, ama kinywaji kinachofanana nacho kisicho na kemikali hiyo. Kwa mujibu wa ripoti ya mwaka 2014, waliokunywa brokoli walitoa kwenye mkojo mabaki ya benzini kwa asilimia 61 zaidi, na ya akroleini kwa asilimia 23 zaidi, na hali hiyo ilidumu hadi mwisho wa jaribio. Miili yao ilikuwa ikiondoa vichafuzi kwa kasi kubwa zaidi.

Msomaji asiruke hapo na kusema tumepata dawa. Jaribio lilipima mkojo, halikupima ugonjwa. Wagonjwa wenye ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa walipopewa salforafeni kwa wiki nne huko Marekani, katika jaribio lililochapishwa mwaka 2016, jeni za ulinzi hazikuamka mapafuni mwao na pumzi haikubadilika. Yawezekana pafu lililokwishaumia kwa miaka mingi haliitiki tena mwito kama pafu zima. Kwa mama yetu mwenye kikapu, tofauti hii ni kubwa: yeye tayari ni mgonjwa.

Je, mlonge? Mlonge una kemikali za jamii hiyo ya haradali, na katika seli za maabara na wanyama kemikali hizo zimeonyesha kuamsha Nrf2. Ni mboga nzuri yenye protini na vitamini. Lakini majaribio makini kwa wagonjwa wa mapafu ndiyo yanayokosekana, na mtu anayeuza unga wake kama tiba ya mapafu anauza tumaini, si matokeo.

Vidonge vilipowadhuru waliokusudiwa kulindwa

Katika miaka ya 1980 hoja ilionekana kuwa wazi. Watu wanaokula sana mboga na matunda ya rangi ya chungwa, na wenye beta-karotini nyingi katika damu, hupata saratani ya mapafu kwa nadra. Basi tuwape wavutaji sigara beta-karotini kwa vidonge. Nchini Ufini wavutaji wanaume 29,133 wenye umri wa miaka 50 hadi 69 waliingizwa katika jaribio. Baadhi walipewa miligramu 20 za beta-karotini kila siku kwa miaka mitano hadi minane. Matokeo yalipotolewa mwaka 1994, waliomeza beta-karotini walikuwa wamepata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao. Vifo kwa jumla vilikuwa juu kwa asilimia 8.

Wengi walidhani kuna kosa la hesabu. Lakini Marekani kulikuwa na jaribio jingine likiendelea, la watu 18,314 waliovuta sigara au kuwahi kuvuta, au waliofanya kazi na asbestosi, nao wakipewa beta-karotini pamoja na vitamini A. Mwezi Januari 1996 jaribio hilo lilisimamishwa miezi 21 kabla ya wakati wake, kwa kuwa saratani ya mapafu ilikuwa imezidi kwa asilimia 28 katika kundi la vidonge.

Kilichonifunza zaidi katika jaribio la Ufini ni kwamba wavutaji waliokuwa na beta-karotini nyingi kutokana na chakula chao kabla ya jaribio kuanza walipata saratani kwa nadra zaidi. Molekuli ni ileile. Ikija ndani ya karoti na mchicha huambatana na mambo mengine mengi mema, ya chakula na ya maisha. Ikija peke yake kwa kipimo kikubwa, ndani ya pafu lililojaa moshi, inaweza yenyewe kuoksidishwa na kugeuka mharibifu. Sababu ya pili ilipendekezwa na watafiti wa Sweden mwaka 2014: panya waliokwisha kuwa na vivimbe vidogo vya mapafu, walipopewa vitamini E au dawa ya asetilisisteini, vivimbe vyao vilikua haraka na wao wakafa mapema. Antioksidanti zilikuwa zimezilinda seli za saratani pia, zikazima kengele ambayo ingezizuia kuongezeka.

Wagonjwa wetu wa mapafu wengi ni watu waliovuta moshi kwa miaka thelathini au arobaini, wa sigara au wa jiko. Hawakuchunguzwa katika majaribio hayo wapishi wa kuni, hilo nalikubali. Hata hivyo sioni kwa msingi gani nimwambie mpishi kwamba pafu lake litakipokea kidonge cha beta-karotini kwa namna njema kuliko pafu la mvuta sigara wa Ufini.

Lipo kundi jingine ambalo wahudumu wa afya katika maeneo yetu ya malaria hawana budi kulikumbuka: watu wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD. Kimeng'enya hiki ndicho huwezesha kurejeshwa kwa glutathioni iliyotumika, na chembe nyekundu za damu hazina njia nyingine ya kufanya hivyo. Kwao, vitamini C ya kipimo kikubwa mno, hasa ya kudungwa kwenye mshipa, hugeuka kuwa kioksidishaji na kuvunja damu. Tunaofahamu tahadhari ya primakwini twaweza kusahau kwamba hatari hiyohiyo imo katika vidonge vya naftalini vinavyowekwa kabatini kufukuza nondo, na mtoto mchanga aliyevikwa nguo zilizohifadhiwa navyo anaweza kuletwa akiwa na manjano na upungufu mkubwa wa damu. Madaktari katika nchi za Ghuba wameripoti hali kama hiyo kwa watoto wenye upungufu huu waliopakwa hina mwilini, na wasomaji wa pwani wataona mara moja kwa nini nalitaja.

Chakula, na mahali kilipolimwa

Kwa hiyo ninamshauri nini mgonjwa ale? Chakula cha kawaida, lakini kiandaliwe kwa akili. Sukuma wiki, kabichi na chainizi ni jamii moja na brokoli, ingawa kemikali zao hazilingani kabisa. Ukali wa mboga hizi haumo ndani ya jani zima. Kemikali mama na kimeng'enya chake vimetengwa katika vyumba tofauti, na hukutana jani linapokatwa au kutafunwa. Moto mkali huua kimeng'enya hicho. Mpishi anayekatakata mboga, akaiacha dakika kadhaa, kisha akaipitisha motoni kwa muda mfupi, anapata zaidi kuliko anayeichemsha mpaka ibadilike rangi na kumwaga maji yake, ambayo huondoka pia na vitamini C. Mchicha na matembele huhitaji mafuta kidogo, karanga au nazi, ili karotenoidi zifyonzwe. Ubuyu una vitamini C ya kutosha. Ubuyu uliopikwa na sukari na rangi ni peremende.

Kuna jambo linalonisumbua zaidi ya mapishi. Mboga nyingi zinazoliwa mijini hulimwa mabondeni na kandokando ya barabara. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 kuhusu mboga zilizolimwa kando ya mito Sinza na Msimbazi jijini Dar es Salaam ulikuta ndani ya majani hayo madini ya risasi na kadimi, na tangu hapo mji umekua na magari yameongezeka. Kuosha huondoa vumbi lililotua juu ya jani. Hakuondoi madini yaliyofyonzwa na mizizi. Siwaambii watu waache mchicha. Ila nikisikia mtu anakamua majani mabichi ya kilo nzima kila asubuhi ili "aondoe sumu", humuuliza kwanza yalilimwa wapi, kisha namuuliza kuhusu figo zake, kwa sababu juisi za namna hiyo zina oksaleti na potasiamu nyingi. Anayetumia warfarini naye asibadilishe ghafla kiasi cha mboga za majani anachokula, kwa kuwa vitamini K iliyomo hupunguza nguvu ya dawa.

Maziwa nayo yanastahili neno moja. Wachomelea vyuma, wapaka rangi na wasaga nafaka wengi hunywa maziwa jioni kusafisha kifua. Maziwa ni chakula kizuri, lakini huenda tumboni. Vumbi liko mapafuni. Mwajiri anayetoa pakiti ya maziwa badala ya barakoa na feni ya kutoa hewa amepata punguzo la gharama, mfanyakazi hajapata kinga. Na hakuna jani wala kidonge kinachozuia monoksidi ya kaboni kushikana na damu katika chumba kilichofungwa chenye jiko la mkaa.

Kuhusu moshi wenyewe, hata majiko bora hayatoshi kila mara. Nchini Malawi jaribio lililohusisha watoto zaidi ya 10,000, lililochapishwa mwaka 2016, halikuona nimonia ikipungua katika kaya zilizopewa majiko ya kuni yenye moshi mchache, kwa kuwa moshi ulibaki mwingi pande zote. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Tanzania mwezi Mei 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Mgonjwa aliye mbele yangu leo hawezi kungoja hadi mwaka huo.

Mazungumzo yetu na mama yule yalichukua nusu saa, muda ambao kliniki zetu hazina. Sikumkaripia kuhusu vidonge. Namwomba kila mhudumu asikaripie, maana mgonjwa aliyekaripiwa haachi kutumia, huacha kusema. Tulipiga hesabu pamoja: bei ya chupa moja ya vidonge ilitosha kununua pampu na kubakiza fedha ya kuanzia kujaza mtungi wa gesi. Nilimwonyesha upya namna ya kuvuta dawa, nikagundua kwamba hata alipokuwa akiitumia, nusu yake ilikuwa ikiishia mdomoni.

"Na mlonge niuache?" aliuliza akiwa amesimama.

Nilimwambia autie kwenye mboga, kama watu wanavyofanya kwao, na asiuhesabu kuwa dawa. Aliporudi baada ya miezi mitatu chapati alikuwa akizipika kwa gesi. Maharage bado yapo kwenye mkaa, kwa sababu yanakula gesi sana, lakini jiko limehamia uani, naye huyabandika na kuondoka. Kipimo cha pumzi hakikupanda kwa kiasi cha kujivunia. Ngazi za kliniki alizipanda bila kusimama katikati, na pampu ilikuwa kwenye kikapu.